Mwanangu, nani kakuita shabiki maandazi?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku Kirumba hatujambo, dagaa wapo, joto ni lilelile la kila mwaka. Ujumbe wako niliusoma nikiwa mwaloni, mikono ina maji ya samaki, nikaona swali kama lile si la kujibiwa kwa maneno mawili ya simu. Nimesubiri nitulie nyumbani.

Umeniambia wenzako wa kazini hapo Dar wamekuita shabiki maandazi, yaani shabiki asiye wa kweli. Walikuwa wanakujua kuwa ni mtu wa Simba, halafu Ijumaa moja ukaingia ofisini na jezi ya Pamba Jiji, timu yetu ya Mwanza, basi ikawa kesi. Ukaniuliza shabiki wa kweli ni yupi hasa: aliyezaliwa ndani ya timu, anayeijua historia yake, au anayekwenda uwanjani? Na mwishoni kabisa ukaongeza, kama kitu kidogo tu, siku Simba wakija hapa kucheza na Pamba, wewe ukae upande gani. Naona hilo la mwisho ndilo linalokusumbua. Nitalifikia.

Hao wanaosema shabiki huzaliwa siwezi kuwabishia sana, maana hapa kwetu mtoto anapewa timu kabla hajajua kutembea. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, na tangu hapo nchi imegawanyika nusu kwa nusu mpaka mezani na vitandani. Babu yako alikuwa Simba tangu enzi inaitwa Sunderland. Na babu yako, mvuvi wa Ukerewe, hakuwahi kuingia uwanja wowote wa Dar es Salaam mpaka Mungu anamchukua. Mpira wake ulikuwa redio. Redio Tanzania (RTD) ikitangaza mechi, pale Nansio wanaume walikaa chini wakaizunguka redio, na mtu akikohoa aliambiwa atoke. Agosti 1979, Peter Tino aliposawazisha kule Ndola, Zambia, na Taifa Stars ikapata tiketi ya kwenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980, mzee alitoka nje akawa anawasimulia watu njiani bao ambalo hakuliona kwa macho yake. Nani atasimama aseme yule hakuwa shabiki?

Kwa hiyo umbali si kosa. Mvuvi yuko ziwani, nesi yuko zamu ya usiku hospitali ya Bugando, kijana hana nauli, wote hao wanaweza kuwa mashabiki lialia bila kugusa geti. Hata hiyo Arsenal yako siipingi. Umeipenda tangu shule ya msingi, na imekutoa machozi zaidi ya ilivyokuchekesha, endelea nayo.

Lakini hapa Mwanza wengi wetu hatuna udhuru wa babu yako. Uwanja tunao. Timu tunayo. Ni daladala moja tu.

Umekulia kwenye mji ambao watu wazima wakikaa kwenye kahawa hawachoki kuitaja Pamba ya zamani, TP Lindanda, Wana Kawekamo. Majina unayajua: Fumo Felician, Mao Mkami, George Masatu, Hussein Masha, Nteze John, Khalfan Ngassa baba yake Mrisho. Unajua na habari ya 1990, Kombe la Washindi la Afrika, walivyowafunga Anse Boileau wa Shelisheli mabao kumi na mawili kwa moja. Ni historia ya kujivunia na sitaki mtu aidharau. Ila nimewasikia wanaume wakiyataja majina hayo jioni nzima kama wanasoma orodha ya mitume, na katika miaka ile yote Pamba iliyokuwa chini, tangu iliposhuka 2001 mpaka ilipopanda tena 2024, hawakukanyaga uwanjani. Historia waliijua kuliko mimi, timu yenyewe hawakuijua. Ukiwauliza nani alikuwa golikipa msimu ule tuliokosa kupanda, wanakutazama tu.

Nikuambie mechi ya daraja la chini pale uwanja wa Nyamagana ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa chuoni. Siku ya kazi, saa kumi jioni, jua linapiga usoni. Kwa sababu watu ni wachache unasikia kila kitu: kocha anavyomfokea beki wa kushoto, wachezaji wanavyoitana, kishindo cha mguu na mguu. Zile chembe nyeusi za nyasi bandia zinarukaruka mpira ukidunda, na vijana wakitoka wanazikung'uta kwenye soksi. Kulikuwa na mzee mmoja wa Mabatini mwenye ngoma, yeye na wajukuu wake wawili. Alikuwa haanzi kupiga tukifunga. Alianza tukifungwa. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu tukifunga kelele zipo, anayehitaji ngoma ni aliyefungwa. Na kweli ungewaona wale vijana, bao limeingia, vichwa chini, halafu ile ngoma inaanza nyuma yao. Kuna mmoja, kiungo mfupi, aligeuka akatazama jukwaani kama mtu aliyeitwa jina, akaenda kuuchukua mpira wavuni mwenyewe akaurudisha kati akikimbia.

Jibu langu linatoka hapo, mwanangu. Shabiki wa kweli ni yule ambaye asipokuwepo anakosekana. Siku uwanja wa Kirumba umejaa mpaka watu wamepanda kwenye miti na mawe ya huko nje, wewe ukibaki nyumbani hakuna atakayejua. Lakini mzee yule asipokuja Nyamagana, wachezaji wanajua. Wanamtafuta kwa macho. Dagaa wakiwa tele wakati wa giza kila mtu ni mteja wangu, ananiita mama, ananibembeleza. Mbalamwezi ikitoka dagaa wakaadimika, ndipo ninapowaona wateja wangu ni akina nani, na hao ndio ninaowawekea gunia.

Angalia yaliyotokea kwa Mbao. Timu ya wafanyabiashara wa mbao, ikapanda Ligi Kuu 2016, na mwaka uliofuata ikawatoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, hapahapa Kirumba, bao moja bila. Unakumbuka mji ulivyokuwa usiku ule, honi mpaka Igoma. Wakaenda Dodoma kwenye fainali, wakapigana na Simba mpaka dakika za nyongeza, wakafungwa mbili kwa moja. Wakati ule kila mtu Mwanza alikuwa Mbao. Kufika 2020 Mbao ikashuka, na Alliance ikashuka msimu huohuo, timu mbili za mji mmoja kwa mkupuo. Nilisubiri mji ulie. Watu walikuwa wanabishana usajili wa Simba na Yanga. Iliniuma sana, na bado inaniuma. Toto African nayo ilikuwa imeshuka 2017 hivyohivyo, kimyakimya.

Na si Mwanza peke yake. Ziwa lote hili lina kilio hicho: Geita Gold wameshuka 2024, Kagera Sugar wa Bukoba wameshuka 2025. Watu wanasema ni fedha. Fedha ipo ndani yake, sikatai. Lakini mapato ya mlangoni, baada ya makato, ni ya mwenyeji, na mwenyeji wa kanda hii anapata mlango mzuri siku mbili tu kwa msimu, Simba wakija na Yanga wakija. Siku nyingine watu wako kibanda umiza, wamelipa kuangalia mechi ya Dar kwenye runinga. Tunaijaza Kirumba kwa ajili ya mgeni, kisha tunashangaa mwenyeji ana njaa.

Sasa swali lako la upande.

Simba wakija Kirumba, mwanangu, kaa na Pamba. Sikuambii uache Simba. Simba ni urithi wa babu yako, na wakicheza na Waarabu usiku nitakuwa pamoja nawe kuwaombea. Ilipokuja fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2025 na Berkane wa Morocco sikulala vizuri, na mimi si Simba. Lakini Simba ina nchi nzima. Ina watu Mtwara, ina watu Kigoma, ina watu Muscat. Ukiondoka wewe dakika tisini, Simba haitapungukiwa na kitu. Pamba ina nani, kama si mtu aliyezaliwa Bugando akanywa maji ya ziwa hili?

Mwaka ule wa kwanza tuliporudi Ligi Kuu, nilikaa jukwaa la mzunguko siku mmoja wa hao wakubwa amekuja. Timu ya nyumbani ilipotoka kupasha misuli, makofi yalikuwa machache, watu walikuwa wananunua karanga. Walipotoka wageni, uwanja ukanyanyuka. Kijana mmoja wa Pamba, ambaye nafahamu kwao na mama yake nimeuza naye samaki, alisimama na mpira mguuni akasikiliza. Ni mji wake. Wale ni majirani zake, waliomwona akicheza chandimu vichochoroni, na wanamshangilia mtu anayekuja kumfunga. Nilisimama nikaita jina lake la nyumbani kwa nguvu zangu zote. Akina mama waliokuwa karibu nami wakaniangalia, halafu mmoja akasimama naye akaita.

Wenzako wakikuuliza inawezekanaje mtu awe na timu mbili, waambie kuna timu unayoipenda na kuna timu inayokutegemea. Zikikutana, unakwenda kwa inayokutegemea. Mimi sioni utata.

Kuhusu matusi sitasema mengi, kwa sababu nimekulea na unajua msimamo wangu. Mchezaji akikosa penati, mlaumu, piga kelele, shika kichwa, ni haki yako, umelipa kiingilio. Mama yake usimtaje. Mama yake mara nyingi yuko jukwaani, au anauza nyanya soko la Mlango Mmoja na redio iko pembeni yake. Mtu anayemtukana kijana wa timu yake mwenyewe dakika ya themanini, halafu dakika ya tisini akifunga anambeba mabegani, huyo anajipenda mwenyewe.

Na mikeka ya kubeti. Hili limeingia juzijuzi na linanitia hofu kuliko hayo mengine. Nimekaa na vijana uwanjani, wamevaa jezi zetu, Pamba inafunga na mmoja anashika kichwa kwa uchungu kwa sababu mkeka wake umechanika, aliwapa wageni ushindi. Sijui nimwite nani mtu wa namna hiyo, lakini shabiki siwezi kumwita. Kama unabeti, na natumaini hubeti, mechi ya timu yako iache kabisa. Usijitengenezee sababu ya kuombea ifungwe.

Msimu ule wa kwanza Ligi Kuu ulikuwa mgumu, unajua. Ushindi ulichelewa kuonekana, kocha Goran Kopunović akaondoka, akaja Fred Felix Minziro, na kila wiki watu wa kahawa wakawa wanatuzika. Hatukuzikwa. Tulibaki. Na mwaka huohuo nilianza kuona sura mpya, mabinti hasa, wanakuja kwa makundi na vitambaa kichwani, wanajua majina ya wachezaji wa benchi. Mdogo wako ni mmoja wao. Hajawahi kunisikia nikimwambia awe Pamba; alikuwa ananisindikiza tu kubeba mwavuli.

Ukija Desemba angalia ratiba kabla hujakata tiketi ya basi, na usichague wiki ya Simba au Yanga. Chagua mechi ambayo hakuna anayeizungumzia. Njoo siku mbili kabla yake, nikupeleke ukasalimie na wenye ngoma, mzee sasa miguu inamsumbua na wajukuu ndio wanaopiga. Na hiyo jezi yako, mdogo wako ameiona kwenye picha akasema nembo haijakaa sawa. Kama uliinunua kwa machinga, basi klabu haikupata hata senti. Mpe mtu aivae akifua nguo, mimi nitakununulia nyingine kwenye klabu, nitajie tu saizi yako ya sasa maana naona Dar imekunenepesha.

Wasalimie wote hapo. Dagaa wa kukaanga nimewapa watu wa basi la Jumatano, wapokee stendi ya Magufuli mapema wasiharibike.

Mama yako,
Kirumba, Mwanza