Kipepeo na sindano

Kadzo mwanangu,

Salamu kutoka Gede. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa kwenye vizimba, nakata majani ya kulisha viwavi. Unauliza kwa nini waimbaji wakitaka kulia humtaja kipepeo, na wewe utotoni ulimkimbiza ukicheka.

Wengi watakujibu kwamba ni mzuri na maisha yake mafupi. Ni kweli, vipepeo wangu wengi wakishatoka kwenye pupa, lile ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, hawafikishi mwezi. Lakini hata nyanya huoza upesi, na sijasikia mtu akiiimbia.

Mimi nimenaswa na yale maneno uliyonitafsiria ya Madama Butterfly, ile opera, mchezo wa kuigiza kwa kuimba, ya Puccini uliyoitazama huko Milano. Usiku wa harusi, yule binti wa Nagasaki, Japani, miaka 15 tu, anamwambia mumewe, luteni wa jeshi la majini la Marekani, kuwa amesikia ng'ambo mtu akimshika kipepeo humchoma sindano akambandika ubaoni. Bwana hakatai. Anasema hufanyiwa hivyo ili asitoroke. Kumbe mtorokaji ni yeye! Miaka mitatu binti anaitazama bahari. Siku zake chache hazinilizi kama sindano ile. Na hao watu wa Milano walioizomea siku ya kwanza, Februari 1904, sijui walitaka nini. Puccini aliirekebisha, na Mei ya mwaka huo huo watu wa mji wa Brescia wakaipigia makofi.

Wachina nao wana Liang Shanbo na Zhu Yingtai, wapenzi waliozuiwa kuoana. Kaburi linapasuka, wanaruka vipepeo wawili. Hao siwaonei huruma hata kidogo.

Sasa nikuambie la hapa nyumbani. Tangu mradi wa Kipepeo uanze mwaka 1993, tunalea pupa wa msitu wa Arabuko-Sokoke, nao husafirishwa wangali hai mpaka Ulaya, watu wakawatazame wakiruka kwenye nyumba za vioo. Hawachomwi sindano. Ila hawarudi. Nikiwapanga kwenye pamba huwa naimba, na baba yako husema naimba kama niko matangani. Nilidhani ananitania.

Kesho napeleka wengine, wale wakubwa wa kahawia uliokuwa ukiwaogopa. Ukiona nyumba ya vipepeo popote huko, lipa kiingilio uingie. Huenda ukakuta wa kwetu.

Mama yako