Kutambua picha ya zamani ya Lakshmi

Dada, kujua kama hiyo picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa Wahindu, uliyonunua ni ya zamani kweli au imechapwa juzi, itazame kwa lenzi. Kiwanda cha mchoraji wa India, Raja Ravi Varma, kilichoanzishwa Bombay mwaka 1894, kilichapa kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, kwa hiyo utaona vitone visivyo na mpangilio, rangi juu ya rangi. Vitone vilivyojipanga safu safu ni ofseti, yaani uchapaji wa mashine wa baadaye. Soma pia maandishi madogo ya pambizoni. Pambizo ikikatwa, thamani hushuka. Na kama sari imeshonewa nyuzi za dhahabu, tafadhali usizibandue! Zamani waumini walizipamba picha hivyo majumbani, na mimi picha hizo ndizo nazipenda kuliko zote.