Laga nyeusi ya Kijerumani: ionje kwanza, rangi baadaye

Swali la mhudumu wa baa Mwanza ni moja, uwe Kirumba, Igoma au kwenye mahoteli ya Capri Point: "Baridi au moto?" Kwa Balimi au Safari, laga zetu za njano, majibu ni mawili na kila mnywaji ana lake la kulitetea. Lakini ukipata laga nyeusi ya mtindo wa Kijerumani kutoka kiwanda kidogo, majibu yote mawili hayafai. Ikitoka kwenye friji iliyoganda barafu, ulimi unakufa ganzi na harufu yote inabaki imelala ndani ya glasi. Ikiwa ya moto, yaani joto la chumba la huku kwetu, gesi inakimbia na ladha ya kimea inageuka nzito ya kuchosha. Bia hii inataka nyuzi 8 hadi 10 hivi. Hakuna anayekwenda baa na kipimajoto, kwa hiyo itoe kwenye friji, iache mezani kama dakika kumi, ndipo uifungue. Kwa joto la Mwanza inatosha.

Nasema haya kwa sababu shemeji yangu anafanya kazi Nairobi, na akija nyumbani hukosi chupa za viwanda vidogo vya huko kwenye begi lake. Safari hii alileta nyeusi. Watu walipoiona mezani, hukumu zilitoka kabla ya kifuniko kutoka: kali hiyo, nzito hiyo, hiyo ya wazee, hiyo inaongeza damu. (La damu nimelisikia tangu nikiwa mdogo, sina mchango.) Siwalaumu. Kwetu bia nyeusi ni Guinness au Castle Milk Stout, basi, na chochote cheusi kinachokuja baada ya hapo kinabambikiwa tabia za hizo mbili.

Rangi ya bia haisemi lolote kuhusu kilevi. Inatoka kwenye kimea, ile shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, ambayo sehemu yake hukaangwa mpaka ikawa nyeusi kabisa. Asilimia chache tu za kimea hicho cheusi zinatosha kugeuza tangi zima, huku nafaka nyingine yote ikiwa haijaguswa na moto mkali. Köstritzer, bia nyeusi inayotengenezwa Bad Köstritz kule Thuringia, Ujerumani, na ambayo kiwanda chake kinahesabu umri tangu 1543, ina kilevi cha asilimia 4.8. Hiyo ni bia ya mchana. Ni mtu mwembamba aliyevaa koti jeusi.

Wajerumani wana zaidi ya aina moja ya laga ya rangi. Schwarzbier ndiyo hii nyeusi, kavu, yenye harufu ya kukaangwa. Dunkel ya Munich ni ya kahawia, na ladha yake imeegemea zaidi mkate kuliko kahawa. Kabla bia ya njano haijashika Munich mwishoni mwa karne ya 19, hiyo Dunkel ndiyo iliyokuwa bia ya kawaida ya watu wa kule, wala haikuwa ya sherehe. Anayekwambia bia nyeusi ni ya msimu wa baridi anasema ya kwake.

Kinachoitenga na stauti, yaani bia za jamii ya Guinness, hasa ni hamira na subira. Stauti huchachuka kwenye joto la kawaida, siku chache mambo yameiva, na mara nyingi hamira yake huacha harufu ya matunda. Laga huchachuka taratibu kwenye nyuzi kama 8 mpaka 13, kisha hulazwa wiki kadhaa karibu na sifuri. Hapo ndipo inapopata ule usafi wa mwisho: unameza, ladha inasema neno lake na kuondoka. Sasa piga hesabu. Kampuni za bia za TBL na Serengeti zina viwanda vikubwa hapa Mwanza, mitambo ya kupoza si habari kwao. Mtu mwenye matangi machache, katika nchi za joto kama zetu, analipia umeme kila saa bia inapolala, na tangi lililolala haliingizi hela. Ndiyo maana viwanda vidogo vingi hukimbilia bia za hamira ya joto. Kikithubutu kutengeneza laga nyeusi nakipa heshima yake, halafu naleta pua karibu, maana laga iliyoharakishwa haina pa kujificha.

Cha kwanza kunusa ni siagi. Ukisikia harufu ya bisi zilizopakwa siagi, hamira haikupewa muda wa kusafisha kazi yake. Harufu ya dawa, au ya plasta ya kidonda, mara nyingi inatoka kwenye klorini ya maji ya bomba ambayo mtengenezaji hakuiondoa. Ukisikia boksi lililolowa, hewa imeingia au chupa imekaa sana kwenye joto, na hapo huenda mtengenezaji hana kosa lolote, kosa ni la duka au la buti la basi. Na ukihisi majivu yanayokwangua nyuma ya ulimi, kimea cheusi kimezidi. Waliobobea hutumia kimea kilichoondolewa maganda kabla ya kukaangwa, kwa sababu uchungu mwingi mkavu unakaa kwenye maganda. Uchachu wa siki hauna mjadala, mwaga.

Ya shemeji haikuwa na hata moja kati ya hayo, ila povu lake liliwahi kuanguka kuliko nilivyotaka. Niliimimina kwenye glasi ndefu iliyosuuzwa vizuri, maana mabaki ya sabuni na mafuta yanaua povu, nikaiinua usawa wa dirisha. Katikati nyeusi, pembeni wekundu. Harufu ya kwanza ilikuwa ganda la mkate ulioiva sana, kisha kwa mbali kahawa, lakini si kahawa ya kikombe. Ilinikumbusha zaidi buni ya Bukoba ile ya kutafuna. Ulimini nilisubiri utamu, haukuja. Ilikuja chokoleti isiyo na sukari, uchungu kidogo wa kufagia wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na kinywa kikabaki kikavu, kinadai funda jingine.

Ushauri ninaouamini kuliko yote ni huu: mimina laga ya njano unayoijua na hii nyeusi kwenye vikombe vya bati au vya plastiki visivyopitisha mwanga, mpe mwenzako aliyefumba macho. Halijoto iwe sawa, la sivyo ataijua kwa ubaridi. Jirani yangu, mtu wa Balimi asiyeyumba, alionja nyeusi akasema, "Hii laga ya kawaida, imeungua kidogo." Alipofumbua macho akadai tumembadilishia kikombe. Sijapata maelezo bora ya Schwarzbier kuliko hayo, hata kwa watu wanaolipwa kuieleza.

Kuhusu kununua, tafuta tarehe ya kujazwa kwenye lebo. Bia nyingi za viwanda vidogo hazichemshwi kuua vijidudu kama za viwanda vikubwa, kwa hiyo chupa iliyopangwa rafuni ikipigwa jua iache hapohapo, hata wakikupunguzia bei. Ikisafiri kwa basi, isimamishe kwenye friji usiku kucha ili machicha yatulie chini, na unapomimina bakiza kidogo kwenye chupa. Bei itakuwa ya juu, hilo lijue mapema. Mnaweza kugawana chupa moja watu wawili bila aibu yoyote.

Kwenye chakula ndipo sisi wa kandokando ya ziwa tunapowazidi hata wenye bia yao. Sato wa kuchoma kwenye mkaa, ngozi ikiwa imebabuka, anakutana na kimea kilichokaangwa kana kwamba vilitoka jiko moja. Kitimoto cha kuchoma, kwa wanaokula, ni kizuri zaidi, kwa sababu ukavu wa bia unakata mafuta yake, na kwao Wajerumani nguruwe na bia nyeusi ni jambo la kawaida. Dagaa wa kukaanga wanafaa kwa kusindikizia. Sangara wa mchuzi mzito wa nazi sikumpenda nayo, kila kimoja kilimziba mwenzake. Ndimu weka kidogo tu, na pilipili iondoe mezani mpaka glasi iishe.