Pima kabla bodaboda hajaondoka

Karibu maswali yote ya safari hii yanahusu mahitaji ya jikoni yaliyoagizwa kwa simu: yamefika pungufu, yamefika yameharibika, au hayakufika kabisa. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Wanaouliza tu "duka fulani ni la kweli?" bila kueleza waliagiza nini, walilipa namba ipi na waliahidiwa nini, siwezi kuwasaidia. Leteni maelezo kamili.

Niliagiza sado mbili za nyanya na mafungu matano ya mchicha Instagram. Vimefika vichache mno. Nidai vipi? (Tabata)

Huna cha kudai, na linaniuma kukuambia hivyo. Sado ni kopo la rangi la lita 4. Halisemi nyanya ni kubwa au ndogo, wala kama kopo limejazwa hadi ukingoni au limewekewa kilemba. Nyanya kubwa huacha mianya mingi ndani ya kopo, kwa hiyo sado mbili kutoka kwa muuzaji yuleyule zinaweza kupishana sana uzito. Fungu ndiyo kabisa, ukubwa wake anaupanga anayefunga. Ukiwa sokoni Ilala au Mabibo hilo halikusumbui, kwa sababu unaona, unashika, unachagua, unaomba nyongeza na ukinyimwa unahamia meza ya pili. Kwenye simu huna macho wala mikono. Umebaki na maneno tu, basi maneno hayo yawe kilo.

Nimeliandika hili mara nyingi na nitaendelea kuliandika. Wakala wa Vipimo wamepigana na lumbesa miaka mingi kwa sababu mkulima anapojaziwa gunia kupita kilo 100 analipwa kama gunia moja tu. Sado isiyojaa inayokufikia mlangoni ni lumbesa ileile iliyogeuzwa: kule anaumia mkulima, huku unaumia wewe. Muuzaji anayesema hana mizani na huku anauza mtandaoni kila siku, mwache.

Agizo liandikwe hivi: "Nyanya kilo 3, ngumu, za kukaa siku nne. Vitunguu kilo 2, vikavu, visiwe vimeota. Mchicha kilo 1, usiwe umelowekwa. Parachichi 4, mbili za kula leo, mbili za Jumamosi." Usiandike "nzuri", maana kila muuzaji zake ni nzuri. Angalia hilo la mchicha. Mboga za majani zikimwagiwa maji muda mfupi kabla ya kupimwa, unalipia maji kwa bei ya mboga, na kesho yake zimeoza.

Halafu nunua mizani. Ya jikoni ya kilo 5 inatosha kwa mboga na nyama, na ile ya mkono ya kuning'iniza, inayofika kilo 50, inafaa kwa mchele na unga. Ijaribu kwa maji: chupa ya lita 1.5 ambayo haijafunguliwa isome kilo 1.5 na gramu chache za chupa yenyewe. Ikisoma 1.4 au 1.7, mizani yako ni mbovu, na ukienda nayo kwenye mabishano utaaibika.

Dereva anakataa kusubiri nikipima, anasema ana mizigo mingine. (Kimara)

Ana haki ya kuwa na haraka, analipwa kwa safari. Kosa ni la kutoelewana mapema. Andika kwenye agizo lenyewe: "Mzigo utapimwa mlangoni, dakika tano." Muuzaji akikubali, dereva ataambiwa.

Na wewe tumia dakika hizo vizuri. Mizani iwe imeshawekwa mezani na orodha iko mkononi. Hesabu vifurushi kwanza. Pili, shika vilivyotakiwa kuwa vya baridi. Tatu, pima vitu viwili vya bei kubwa, kwa kawaida nyama na mchele. Fungua trei ya mayai uone yale 30, hasa ya katikati na ya pembeni chini. Unga na sukari vyenye pakiti ya kiwandani, angalia tu mshono na tarehe ya mwisho wa kutumika. Kama kuna upungufu, piga picha bidhaa ikiwa juu ya mizani na namba zikisomeka, mpigie muuzaji dereva akiwa bado amesimama hapo. Usimgombeze dereva. Yeye hakupima, hakufunga, na mara nyingi hajui ndani kuna nini.

Kama anayepokea ni dada wa nyumbani, mfundishe yote haya na umwachie orodha iliyoandikwa. Mnampa lawama jioni kwa kazi ambayo hamkumwelekeza asubuhi, na hiyo ni dhuluma.

Nilipe kabla au mzigo ukifika?

Ukifika, na baada ya kupima. Muuzaji mgeni akitaka kitangulizi, mpe nauli ya bodaboda tu. Lipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara. Kabla ya kuweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la anayepokea, lisome. Jina likiwa tofauti na la duka, simama hapo hapo. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ambayo ndiyo itakayokusaidia ukitaka kulalamika mbele.

Kwenye Instagram, bonyeza nukta tatu juu ya ukurasa, utaona sehemu ya kuhusu akaunti: ilifunguliwa lini na kama imewahi kubadilishwa jina. Ukurasa unaouza nyama leo ambao jana ulikuwa wa mawigi, wenye maoni yaliyofungwa, usiupe hata nauli.

Nimepata ujumbe: "Ile hela ya mboga tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo." Nimetuma. Nifanyeje?

Swali hili linakuja kila wiki, na kila wiki jibu ni lilelile: usitume kabla ya kumpigia muuzaji kwa namba unayoijua. Kwa kuwa umeshatuma, piga 100 huduma kwa wateja sasa hivi uombe muamala uzuiwe, maana pesa ikishatolewa hairudi kirahisi. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, kisha nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako.

Duka moja linauza mafuta ya alizeti "dumu la 5" bei nafuu kuliko lingine. Yana tofauti gani? (Kigamboni)

Huenda moja ni lita na jingine ni kilo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita 1 ina gramu 920 hivi. Kwa hiyo lita 5 ni kilo 4.6, na kilo 5 ni karibu lita 5.4. Tuseme duka la kwanza linataka Sh 30,000 kwa lita 5, la pili Sh 31,000 kwa kilo 5. La kwanza ni Sh 6,000 kwa lita, la pili ni kama Sh 5,700. Lililoonekana ghali ndilo nafuu. Uliza kila mara: "Tano ni lita au kilo?" Asiyejibu, usinunue.

Na mafuta yaliyohamishiwa kwenye dumu lisilo na lebo, yasiyo na tarehe wala jina la aliyeyakamua, msiagize kwa simu hata yawe bei ya chini kiasi gani. Hamuwezi kuyanusa kupitia picha.

Kuku na samaki wamefika wakiwa laini, wa uvuguvugu. Nimewaosha kwa ndimu na kuwaweka friza. Kuna shida? (Mbezi)

Ipo, na naomba kila msomaji asome hapa taratibu.

Ndimu inaondoa harufu tu. Vijidudu huzaana haraka kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na sanduku jeusi la pikipiki juani liko katikati kabisa ya joto hilo. Kanuni ni saa mbili nje ya baridi, na hali ya hewa ikizidi nyuzi 32, kama Dar ya Januari na Februari, ni saa moja tu. Hesabu tangu bidhaa ilipotoka kwenye friza ya duka, siyo tangu dereva alipowasha pikipiki. Katoka Kariakoo, kapitia Magomeni kushusha mzigo mwingine, kakaa kwenye foleni ya Ubungo: muda umekwisha kabla hajafika kwako.

Samaki ana hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, nyama yao hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga wala kugandisha. Mlaji anaweza kuwashwa, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa. Watu husema ni mzio, kumbe samaki alichelewa njiani.

Mzigo ukifika, amua kwa kushika. Bado una chembe za barafu ndani? Weka friza. Umelainika lakini ni baridi kama uliotoka kwenye friji? Pika leo. Ni wa uvuguvugu? Rudisha, na usikubali punguzo la bei kama fidia. Samaki mbichi afunguliwe mashavu mbele ya dereva: matamvua yawe mekundu, macho yamejaa, na nyama ukiibonyeza irudi.

Unapoagiza, taja haya: mzigo ufike kabla ya saa 3 asubuhi, nyama na samaki viwekwe na chupa za maji yaliyogandishwa, na nyumba yako iwe ya kwanza kwenye njia. Duka lisiloweza hayo linunulie mchele na sabuni, nyama uifuate mwenyewe buchani. Uliza pia kama kilo ya samaki ni kabla au baada ya kupara magamba na kutoa matumbo, kwa sababu unaweza kulipia kilo 2 ukapokea pungufu bila mtu kuiba. Nyama nayo: "kilo 2" bila neno "steki" ni ruhusa ya kukujazia mifupa.

Kamba waliogandishwa, pakiti ya kilo 1. Wakiyeyuka wanabaki wachache. Ni wizi?

Kamba huvikwa tabaka la barafu ili wasikauke kwenye friza, na hilo lenyewe siyo kosa. Kosa ni kukuuzia barafu hiyo kwa bei ya kamba. Wamwagie maji ya baridi kwenye chujio mpaka barafu ya juu iondoke, waache wachuje dakika mbili, kisha pima. Linganisha na uzito halisi ulioandikwa kwenye pakiti. Pakiti isiyoandikwa uzito halisi, au mfuko wa nailoni wa muuzaji, iepukwe.

Mtungi wa gesi ulioletwa na mboga umeisha mapema. (Sinza)

Safari ijayo pima kabla hujautumia. Kwenye shingo au kola ya mtungi umeandikwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi baada ya herufi TW. Ukisoma 13.6 na mtungi ni wa kilo 15, mizani isome 28.6. Kama inasoma 26, unamdai muuzaji gesi kilo 2.6. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, inawataka wauzaji wa gesi wawe na mizani dukani, kwa hiyo unayo haki ya kuambiwa uzito. Angalia lakiri haijakatwa na kofia haijachezewa, halafu paka povu la sabuni kwenye kiungio baada ya kufunga. Povu likivimba, funga valvu, fungua madirisha, usiwashe kitu.

Niliagiza mchele wa Kyela, wakaleta mwingine bila kuniuliza.

Andika mwishoni mwa kila agizo: "Kisipokuwepo, nipigieni. Msibadilishe." Ulipopokea na kulipa, uliukubali.

Dereva hupotea kila mara kuja kwangu. (Goba)

Unatuma mahali ulipo ukiwa ndani, chini ya bati. Toka nje, subiri WhatsApp ionyeshe umbali wa makosa umeshuka hadi mita chache, ndipo utume. Ongeza jina la mtaa na namba ya nyumba iliyo kwenye kibao cha anwani za makazi. Kibao kimewekwa kwa kazi hiyo.

Niko Muscat. Namnunulia mama mahitaji Tanga kila mwezi kwa mtandao. Mama anasema vinafika vyote, ila nikimpigia video naona ghala tupu.

Mama anakuficha asikusumbue, au anaona aibu kulalamika kwa mtu uliyemchagua wewe. Usimuulize "vimefika?" Muulize "mchele ulisoma kilo ngapi?" Mnunulie mizani ya kuning'iniza, na umwombe kijana wa jirani anayeaminika awepo siku ya mzigo. Gawa malipo: nusu unapoagiza, nusu baada ya kupata picha ya kila mfuko ukiwa kwenye mizani, iliyotumwa kutoka simu ya nyumbani kwa mama. Picha kutoka simu ya duka haihesabiki. Usiagize nyama wala samaki kwa utaratibu huo. Mtumie mama pesa ya nyama mkononi, anamjua muuza nyama wake kuliko wewe ulivyomjua kwa simu.

Mimi ni muuzaji. Mteja kanitumia picha ya muamala, nikatoa mzigo, pesa haikuingia.

Picha hutengenezwa, na ujumbe mfupi pia. Angalia salio lako kwenye menyu ya simu, ukiliona limeongezeka ndipo mwambie dereva aondoke.