Orodha Imetoka, Jina Lako Halimo

Juzi usiku binti mmoja aliniandikia: "Dada, majina ya walimu walioajiriwa na serikali yametoka, simo tena. Hivi Mungu ananijua kweli?" Nilitaka kumjibu haraka kwa mstari wa Biblia, nikaona aibu. Swali hilo nimewahi kuliuliza mimi, tena kwa hasira, nikiwa mbele ya karai la maandazi.

Nilimaliza digrii ya ualimu 2015, Kiswahili na Historia. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza chuo wanasubiri kupangiwa vituo tu, kwa hiyo mama alishaninunulia godoro na ndoo za kuanzia maisha. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila mtu kuwepo kazini. Milango ilipofunguliwa, wakatangulizwa wa sayansi na hisabati. Sisi wa sanaa tukabaki kwenye foleni. Godoro nikalilalia palepale nyumbani, Morogoro, mpaka likabonyea katikati.

Kila orodha ikitoka nilikwenda steshenari kuifungua. Unatafuta jina lako, hulioni, unaanza tena kwa jina la baba, labda wamekosea herufi. Unalipia dakika zako, unaondoka.

Kwenye kicheni pati ya binamu yangu, shangazi mmoja aliumega andazi langu akasema mbele za watu, "Hili kweli limekandwa na digrii." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Shangazi, kama unasoma hapa, nimekusamehe. Ila mshahara wa kwanza ulipoingia, nilikukumbuka wewe kabla sijakumbuka zaka.

Kanisani nako kuliniuma. Huyu anashuhudia kazi, yule mchumba, na mzee mmoja wa maombi akaninong'oneza kwamba pengine kuna dhambi sijaitubu. Nikaacha kwenda miezi minne, nikisingizia biashara. Usiniige, lakini sitakudanganya kwamba nilisimama imara siku zote.

Aliyenirudisha ni bibi. Macho yalikuwa yamemwishia, nikawa namsomea Biblia jioni. Tukafika kwa Yusufu gerezani: mnyweshaji wa Farao, aliyemwomba amkumbuke, ametoka, kamsahau, na sura inayofuata inaanza miaka miwili mizima ikiwa imeshapita. Bibi akanikatisha.

"Hiyo miwili Yusufu alikuwa anafanya nini?"

"Haijaandikwa, bibi."

"Alikuwa anahudumia wafungwa wenzake. Na wewe kesho kakande unga."

Nilikasirika usiku mzima. Asubuhi nikakanda. Baada ya wiki mbili nikaanza na tuisheni chini ya mwembe, watoto watano wa kidato cha nne, mmoja analipa kwa mchele. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mwalimu hata kabla ya barua ya serikali. Yusufu aliuzwa ana miaka 17, akasimama mbele ya Farao ana 30. Hesabu mwenyewe miaka hapo katikati.

Ndiyo ushauri wangu, sina mwingine: ngoja ukiwa na kazi mkononi. Omba, kisha kanda unga. Omba tena. Kumngoja Bwana si kukaa barazani ukihesabu bodaboda na kulaani waliopata. Na wewe unayesema umechoka kuomba, mara ya mwisho ulikesha lini? Umewahi kumshukuru kwa huo unga ulionao? Tusilegee, jamani. Acheni kumpangia Mungu tarehe.

Jina langu lilitoka 2022. Nikapelekwa Nanyumbu, huko Mtwara, na godoro lilelile lililobonyea, mama alikataa nisilitupe. Bibi hakuwahi kuiona barua. Alifariki mwaka mmoja kabla, na hapo, nikiri, bado nina neno na Mungu ambalo hatujalimaliza.

Mdogo wangu uliyeniandikia, kesho nina vipindi mpaka saa tisa. Nitakupigia nikitoka. Uniambie mtaani kwenu kuna watoto wangapi wa kidato cha nne.