Mchaichai umekufa katikati

SWALI: Shikamoo bibi. Mchaichai wangu wa mbele ya nyumba una miaka sita. Pembeni mbichi, katikati umekauka kama kiota cha kunguru. Niung'oe? – Msomaji, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiutupe! Mchaichai huchipua kuelekea nje, shina la zamani likabanwa na kufa. Ni uzee, si maradhi. Tena hautoi mbegu za kutegemea, kwa hiyo kugawa ndiyo njia.

Ngoja masika yaanze. Punguza majani yabaki shubiri moja, na uvae shati la mikono mirefu, maana jani lake hukata kama wembe. Chimbua shina zima. Wangu wa kwanza, hapa Makunduchi, mizizi ilikumbatia mawe hata nikaazima mtaimbo. Nilitoka jasho asubuhi nzima. Pasua kwa panga, uchukue vipande vya pembeni tu, kila kimoja machipukizi matatu au manne yenye mizizi. Kilichokauka kitie kwenye shimo la mbolea.

Panda kila kipande hatua moja kutoka mwenzake, usikizike chini kuliko kilivyokuwa. Mvua ikikatika, mwagia maji. Majani ya chai usiyaguse mpaka shina lijae.