Oksijeni ikipungua baharini, kwa nini mabaki yanayozama hufika mbali zaidi?

SWALI: Nimesoma kwamba katika maji yenye oksijeni kidogo, mabaki ya viumbe yanayozama hufika kina kirefu zaidi kabla ya kuoza. Lakini bakteria wengi wanaweza kutumia nitrati badala ya oksijeni. Kwa nini basi uozaji upungue? Na je, hali hiyo huisaidia bahari kuhifadhi kaboni?

JIBU: Uliyoyasoma ni sahihi, na shaka yako ina msingi. Mwani na viumbe wadogo wa karibu na uso wa bahari wanapokufa au kuliwa, mabaki na vinyesi vyao hushikamana kwa ute na kuwa mabonge laini, ambayo huzama kwa mwendo wa mita makumi hadi mamia kwa siku. Mwaka 1987 mtaalamu wa bahari John Martin na wenzake, waliotumia mitego ya mashapo (vyombo vya kukinga mabaki yanayozama) katika Bahari ya Pasifiki, walionyesha kwamba mabaki hayo hupungua kadiri kina kinavyoongezeka kwa kufuata kipeo cha 0.858 (kipeo kikiwa kidogo, mabaki hupungua polepole zaidi), yaani kati ya yale yanayopita mita 100, takriban asilimia 14 tu hufika mita 1,000. Katika ukanda wa oksijeni haba ulioko Pasifiki karibu na Meksiko, vipimo vimetoa kipeo cha karibu 0.4, na kwa hesabu hiyohiyo asilimia 40 hufika. Tofauti ya karibu mara tatu si jambo dogo.

Bakteria peke yao hawatoshi kuieleza tofauti hiyo. Nishati wanayoipata kwa kutumia nitrati inakaribia sana ile ya oksijeni, na hatua ya kwanza ya uozaji, ambapo vimeng'enya hukata minyororo mirefu ya protini na wanga, kwa kawaida haihitaji oksijeni. Ni kweli kwamba vitu vigumu kama lignini, inayoipa miti ugumu wake, huvunjwa polepole sana pasipo oksijeni, lakini athari hiyo huonekana zaidi katika mashapo ya sakafuni, ambako mabaki hukaa miaka mingi. Bonge linalozama mita 50 kwa siku huvuka ukanda wenye unene wa mita 500 kwa siku 10 tu.

Kwa maoni yangu, uzito mkubwa uko kwa wanyama. Katika maji yenye oksijeni ya kutosha, zooplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaoelea majini, huyala mabonge hayo, na hata wasipoyala huyavunja wanapoogelea na kujilisha. Vipande vidogo huzama polepole, na bakteria huvimaliza vikiwa bado katika maji ya kina cha wastani. Oksijeni inapokaribia sifuri, wanyama wengi hutoweka, na wale wanaoshuka huko mchana ili kujificha hupunguza sana shughuli za miili yao. Mabonge hubaki mazima na kuendelea na safari.

Jambo jingine hutokea ndani ya bonge lenyewe. Katika bonge lenye upana wa milimita chache, bakteria wanaweza kuitumia oksijeni upesi kuliko inavyopenya kutoka nje, hivyo kiini kikakosa oksijeni ingawa maji yanayolizunguka bado yanayo. Kadiri oksijeni ya nje inavyopungua, kiini hicho hupanuka. Nitrati nayo ikiisha humo, bakteria wanaotumia salfeti badala yake huchukua nafasi. Hawa hupata nishati kidogo mno, na salfaidi (kemikali ya salfa) wanayoitoa inaweza kujifunga kwenye molekuli za mabaki na kuzifanya ziwe ngumu kuoza.

Kuhusu kaboni, nakusihi usiichukulie hali hii kuwa faida. Bakteria wanaotumia nitrati huigeuza kuwa gesi ya nitrojeni, na sehemu nyingine kuwa oksidi ya nitrasi, ambayo kwa uzito uleule hupasha joto angahewa takriban mara 270 kuliko kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Isitoshe, nitrati ni mbolea ya mwani: maji yaliyopungukiwa nayo yanapopanda juu, mwani unaoweza kukua hupungua, na mabaki ya kuzama hupungua vilevile. Kwa hiyo sehemu inayofika kina kirefu inaweza kuongezeka huku jumla ya kaboni inayoshuka ikibaki ileile au hata kushuka. Anayetaka kukadiria kaboni inayohifadhiwa mahali fulani anapaswa kupima, pamoja na oksijeni, nitrati, ukubwa wa mabonge na wingi wa zooplanktoni katika kina kilekile.